Sura ya Nne: Besi Nyuma ya Ukuta

Jumamosi hiyo Redio aliomba ruhusa ya nusu siku, na mwenye duka la dobi alipomwuliza anakwenda wapi, akajibu kwamba anakwenda kusikiliza maneno. Mwenye duka akadhani ni maneno ya ukoo, yale ya kuketishwa katikati ya wazee, akamwambia nenda mwanangu, Mungu akutangulie. Redio hakumsahihisha. Wala hakuwa amesema uongo. Maneno aliyoyafuata yalikuwa ya nyimbo.

Jina la Redio alilipata hapohapo kwa dobi, na aliyempa alikuwa Mama Pacha, mwenzake wa meza ya pasi. Alisema huyu ukimgusa tu anaanza kutangaza: bendi ipi inapiga wapi Jumapili, mpiga solo yupi amehama kwa kugombea maiki, na kwa nini ile bendi ya wazee wa matarumbeta ni tamu zaidi ukiisikiliza umesimama. Simu yake ilijaa nyimbo alizorekodi mwenyewe kwenye maonyesho, zenye vikohozi, vigelegele na glasi zinazogongana. Mama Pacha alikuwa akimwuliza kwa nini asisikilize nyimbo safi za studio kama binadamu wengine, na Redio akimjibu kwamba wimbo wa studio ni kama picha ya pasipoti: sura ni yako, lakini umekatazwa kucheka.

Ila kulikuwa na bendi moja ambayo hakuwahi kuirekodi wala kuiona, na ndiyo aliyoijua kuliko zote.

Meza yake ya pasi ilifungwa kwa bolti kwenye ukuta wa nyuma. Upande wa pili wa ukuta huo kulikuwa na ghala ambalo mlango wake unatokea mtaa mwingine, na bendi changa ililikodi kufanyia mazoezi ya mchana. Mashine za kufulia zikishaunguruma, sauti zote za juu zilimezwa, za mwimbaji, za solo na za kinanda. Kilichopita ni besi peke yake. Ilipita kwenye matofali, ikaingia kwenye bolti, ikapanda mezani, ikamfikia mikononi kabla ya kumfikia masikioni. Basi Redio akazijua nyimbo zote za bendi ile kwa besi tu, bila neno hata moja, kama mtu anayewajua majirani zake kwa nyayo.

Na kwa kuwa moyo haupendi chumba kitupu, akawa anazijazia maneno mwenyewe. Mmoja aliupenda kuliko zote. Ulikwenda taratibu, halafu kila mwisho wa kipande ukasita. Besi ilinyamaza kidogo, kidogo tu, kama mwanamume aliyefika mlangoni na mizigo yake, akakumbuka kwamba aliondoka kwa ugomvi, kisha akaingia hivyohivyo. Wimbo huo aliuita Anarudi. Alishaulilia siku moja juu ya foronya za nyumba ya wageni, akamwambia Mama Pacha kwamba ni mvuke.

Kwa nini aende leo na si siku nyingine? Sababu ilikuwa mtu wa vioo.

Huyo alikuwa mwenye duka la vioo vya madirisha, mtu mzima, mtaratibu, asiyepandisha sauti, na kila anapopita alikuwa akimletea biskuti binti mdogo wa Redio. Alikwenda kwa shangazi, aliyemlea Redio kama mwanawe wa kumzaa, akaeleza nia yake kwa adabu zote. Shangazi hakuificha furaha. Ndoa ya kwanza ya Redio ilivunjika mtoto akiwa hajaota meno, na tangu hapo shangazi alikuwa akilala jicho moja wazi. Jibu lilitakiwa jioni hii, kabla mtu wa vioo hajasafiri kufuata mzigo.

“Jibu lenyewe ni ndiyo,” shangazi alimwambia asubuhi. “Wewe nimekuachia uchague tu namna ya kulisema.”

Redio alikuwa amemtafuta kasoro mtu yule, akaikosa. Alipata jambo moja tu, dogo mno, hata ukimwambia mtu mzima hatakuelewa. Mtu wa vioo hakuwahi kumwuliza swali. Alimweleza jinsi vioo vinavyokatwa, vinavyofungwa kwa safari na vinavyovunjika, na aliyeuliza kila mara alikuwa Redio. Siku alipomwekea wimbo ndani ya gari, mtu wa vioo aliusikiliza mpaka mwisho kwa heshima, mikono juu ya usukani, halafu akasema, “Sawa.”

Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo yake, Redio alitaka kitu kimoja: kuusikia Anarudi ukiwa na maneno yake. Baada ya hapo, alijiapia, ataurudishia ukuta siri yake na kuwa mke wa mtu.

Ukumbi ulikuwa zamani jumba la sinema. Sakafu bado iliteremka kuelekea mbele, hata ukicheza unajikuta unasogea jukwaani bila kukusudia. Mama Pacha alikuja naye, kiguu na njia, akisema hawezi kumwacha mwenzake aende kuaga ujana peke yake. Wakakaa viti vya katikati. Jua la alasiri lilipenya kwenye matundu ya hewa, na bendi ikaingia.

Mwimbaji alikuwa na suti ya rangi ya maziwa na alijua kwamba anatazamwa. Mpiga besi alikuwa mrefu, mkimya, amesimama nyuma karibu na dramu kama mtu aliyepanga foleni benki. Redio alimtazama mikono kwanza, ndipo akapanda usoni. Akashangaa kumwona ni kijana. Kwa besi ile alimtarajia mtu aliyekwisha kuzika watu.

Nyimbo zikaanza, na Redio akawa kama aliyealikwa chakula na majirani aliowajua kwa nyayo. Kila moja aliitambua kwa hatua zake za kwanza, na kila moja ikamwumbua. Ule aliodhani ni wa kubembeleza mtoto, kumbe ni wa mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba. Ule wa ugomvi, kumbe ni wa arusi. Mama Pacha alikuwa akiinamisha kichwa magotini kwa kicheko, akimwomba atabiri unaofuata.

Lakini Anarudi haukupigwa. Na kulikuwa na jambo jingine lililomkalia vibaya Redio, akashindwa kulitaja. Besi hii ilikuwa safi, imenyooka, haina mkunjo. Haikusita popote. Mikono ilikuwa ileile, angeapa, ila mtu alikuwa kama amevaa nguo za wageni.

Walipopumzika, akashuka mteremko ule mpaka kando ya jukwaa. Mwimbaji alikuwa akijifuta shingo huku akipokea sifa. Redio alimwomba radhi, akamwambia kuna wimbo wao mmoja anaupenda mno, haujui jina, basi amwimbie kidogo. Akafumba macho, akaiguna besi yake kwa koo.

Mwimbaji aliinamisha sikio. Mpiga solo akaja kusaidia. Wakatazamana. Halafu mwimbaji akashika kiuno, akaanza kucheka kutoka tumboni.

“Dada yangu, huo ni wa magodoro.”

“Wa nini?”

“Magodoro. Duka moja lilituagiza tuwatungie wimbo wa gari la matangazo. ‘Lala chali, lala ubavu, mgongo wako una thamani.’ Ndio huo.”

Waliokuwa karibu wakacheka naye. Redio alihisi uso ukiwaka mpaka masikioni. Miezi yote ile, yule mwanamume na mizigo yake mlangoni!

“Na ulivyoulilia,” Mama Pacha alimnong'oneza, machozi yakimtoka. “Tena juu ya foronya. Angalau chumba hukukosea.”

Redio aligeuka aondoke. Hapo ndipo sauti moja ilipotoka nyuma ya spika, ya chini, isiyo na haraka.

“Hebu rudia, dada.”

Mpiga besi alikuwa ameketi juu ya sanduku la vyombo, gitaa mapajani, anakaza waya. Mama Pacha akamwambia mwache kaka, mwenzio ameshaaibika ya kutosha.

“Sicheki,” alisema. “Naomba arudie.”

Redio hakujua kwa nini alitii. Labda kwa kuwa macho ya yule kijana hayakuwa na dhihaka hata chembe. Yalikuwa macho ya fundi wa saa aliyesikia mlio asioujua. Akairudia, polepole, na kila penye kusita akasita.

“Hapo,” alisema mpiga besi. “Hapo unaposubiri. Nani alikwambia usubiri hapo?”

“Ndivyo unavyopigwa.”

“Haupigwi hivyo. Kwenye gari la matangazo unakwenda moja kwa moja, na hapa jukwaani hatujaupiga hata siku moja. Hivyo unapigwa mahali pamoja tu, tena nikiwa peke yangu, wenzangu hawajafika.” Aliiacha ile skrubu ya waya. “Wewe umesikilizia wapi?”

“Mimi napiga pasi kwa dobi,” alisema Redio. “Nyuma ya ghala lenu.”

Kijana akasimama. Waya aliokuwa akiukaza ukalia ovyo, asiushughulikie.

“Meza yako iko ukutani?”

“Imefungwa kwa bolti.”

“Na kile kinachogonga ni nini?”

Redio hakuelewa. Yule kijana akainama, akagonga sanduku kwa viganja: pigo zito, kimya, mburuzo, kisha pigo jepesi, na tena zito. Aligonga mara kadhaa, kichwa kimeinama, kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai. Na taratibu, kama mtu anayeambiwa kwamba hukoroma, Redio akajitambua. Ilikuwa pasi yake nzito ikituliwa juu ya kibao cha chuma, shuka likivutwa, likigeuzwa, pasi ikishikwa tena. Siku zote alisikiliza ukuta. Hakuwahi kufikiri kwamba ukuta nao una upande wa pili.

“Wenzangu wanasema ni mashine,” aliendelea mpiga besi. “Nikawaambia mashine haichangamki. Hii kuna siku inachangamka, kuna siku inaburuta miguu. Mpiga dramu wetu hajui kuwahi, basi nikawa najifunza na hicho kitu. Nikifika pale pa kuingia, nakisubiri kigonge, ndipo naingia. Tabia hiyo ikinifuata mbele yao, wananigombeza sana. Wanasema nikija huku niwe nimenyooka.”

Kwa hiyo pale mlangoni hapakuwa na mtu na mizigo. Palikuwa na huyu, siku zote, akimsubiri amalize.

“Ni mimi,” alisema Redio, na sauti ikamtoka ndogo. “Huwa nageuza shuka.”

Kijana alifikiri kidogo. “Mashuka ya vitanda vikubwa?”

“Ya nyumba ya wageni. Makubwa, ndiyo.”

“Ndiyo maana inachukua muda,” alisema, kwa uzito kabisa, kama aliyepewa jibu la kitu kilichomnyima usingizi. Kisha wote wawili wakacheka kwa pamoja, na vicheko vilipokwisha wakabaki wanatazamana, hakuna aliyekumbuka kutazama pengine.

Mama Pacha aliona alichokiona. Akasema ana kiu, anakwenda kutafuta maji, na alikawia hata ungedhani ametumwa kuchimba kisima.

Wakakaa juu ya lile sanduku. Mpiga besi alimwuliza mambo mfululizo, si kwa upekuzi bali kwa njaa ya mtu aliyesikia nusu ya hadithi. Mbona Ijumaa mapigo huwa ya haraka? Kwa sababu Ijumaa ni mashati, shati halina mgeuzo mrefu. Mbona asubuhi fulani yanaanza mazito? Mtoto huwa amekesha na mafua. Ana mtoto? Anaye, wa kike, mbishi kama nzi. Akatabasamu, akauliza anapenda nini huyo mbishi, na Redio akajibu, na alipokuwa akijibu alitambua kwamba alikuwa hajazungumza hivi siku nyingi.

“Wiki iliyopita palikuwa kimya,” alisema mpiga besi. “Nikaja, nikapiga, hakuna aliyegonga. Ulikuwa wapi?”

Swali lilikuwa jepesi. Lakini lilimpiga Redio palepale alipokuwa akijificha. Alikuwa nyumbani kwa shangazi, akifundishwa namna ya kusema ndiyo. Angeweza kumwambia alikuwa mgonjwa. Akamweleza kweli: habari ya mtu wa vioo, ya shangazi, na ya jibu linalongojwa jioni hii hii.

Redio alimwona mpiga besi akimeza jambo, kisha jingine.

“Ni mtu mwema?” aliuliza mwishowe.

“Mwema sana.”

“Basi mimi sina la kumsema.” Akasugua nyuzi kwa kidole gumba, bila sauti. “Anajua nyimbo unazozipenda?”

Redio alikumbuka ile “Sawa” ya ndani ya gari, akatikisa kichwa.

“Hata mimi sizijui,” alisema kijana. “Najua tu unavyogeuza shuka. Niambie.”

Redio akatoa simu na hedifoni zake za waya, akampa upande mmoja. Alikuwa na mamia ya kuchagua, na mkono ukaenda wenyewe kwa wazee wa matarumbeta, siku ile mvua ilipowakuta uwanjani wakaendelea kupiga chini ya turubai. Hakumweleza chochote. Alitaka kuona atasikia nini. Waya ulikuwa mfupi. Ikabidi bega liguse bega. Alisikia kitambaa cha shati lake, kimefuliwa vizuri lakini pasi yake ya hovyo, akajizuia kuinyoosha kola.

Katikati ya wimbo mpiga besi aliinua kidole.

“Rudisha kidogo.” Akarudisha. “Huyu anayecheka hapa ni nani?”

“Ni mimi. Turubai lilimwaga maji yote juu ya mpiga ngoma.”

“Rudisha tena.”

Alirudisha. Na yule kijana alisikiliza kicheko chake amefumba macho, kama watu wanavyosikiliza tarumbeta. Redio alimtazama kope. Hakuna mtu aliyewahi kuomba kicheko chake kirudiwe.

Mwimbaji akaita. Mpiga besi aliinuka, akarudisha hedifoni kiganjani mwa Redio, vidole vikachelewa kidogo kuachana. Kisha akaenda kumnong'oneza mwimbaji, na Redio akaona ugomvi wa kimyakimya: suti ya maziwa ikitikisa kichwa, mikono ikielekea watu, kwamba watatucheka. Alisikia jibu moja tu.

“Wacheke.”

Ndipo bendi ile, mbele ya ukumbi uliojaa, ikapiga wimbo wa magodoro.

Watu walicheka kweli. Lala chali, lala ubavu. Mzee mmoja aliinuka akashika mgongo wake kuonyesha thamani yake. Mama Pacha, aliyerudi bila maji, alikuwa hoi. Lakini besi ilikuwa imevua nguo za wageni. Ilikwenda taratibu, ikafika mwisho wa kipande, ikasita. Mpiga dramu aligeuka kwa hasira. Mwimbaji alipoteza njia. Mpiga besi hakuwatazama. Alimtazama Redio, kidole juu ya waya, anasubiri.

Redio hakufikiri. Kiganja kikashuka juu ya mkono wa kiti.

Besi ikaingia.

Kipande cha pili watu wakawa wamekwishaelewa, wanagonga viti naye, na kicheko kikageuka kucheza. Wimbo wa magodoro ukawa mtamu kiasi cha kumtia mtu aibu. Redio alikuwa akicheka huku machozi yakimteremka, na safari hii hakuusingizia mvuke. Hakujua kama hayo yalikuwa mapenzi. Mapenzi aliwahi kuyajua, yalikuja na kelele na yakaondoka na kelele. Hiki kilikuwa kitu kingine. Ilikuwa hamu ya kujua: huyu anakula nini, anaogopa nini, mama yake anamwitaje. Alitaka kumwuliza mpaka maswali yaishe, na akashuku hayataisha.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alijua ni nani kabla ya kuitoa. Akapanda mteremko wa ukumbi, akatoka mpaka kwenye ngazi za nje, jua linazama nyuma ya mapaa ya mabati, muziki umebaki mlangoni.

“Mgeni wangu yuko hapa sebuleni,” alisema shangazi, sauti ya asali. “Anataka kuaga. Nimwambie nini?”

Redio alishika reli ya ngazi. Akilini alimwona mtu wa vioo, magoti pamoja, kikombe mkononi, hana kosa lolote. Alimwona binti yake na biskuti. Moyo ulimwuma, na hata hivyo haukuyumba.

“Mwambie namheshimu sana, shangazi. Na mwambie hapana.”

Kisha mlango ukasikika ukifungwa upande wa pili, na asali ikaisha.

“Kuna mwingine.”

“Yupo. Ila bado simjui.”

“Humjui.” Shangazi alivuta pumzi. “Mtoto wewe, unamkataa mtu unayemjua kwa ajili ya mtu usiyemjua?”

“Ndiyo. Nataka kumjua. Huyu wa sebuleni, shangazi, sina hata swali moja lililobaki juu yake. Na yeye hakuwahi kuwa na lolote juu yangu. Tutazeeka tukiambiana sawa.”

Alisubiri radi. Alisubiri habari ya mtoto anayehitaji baba, na ya wanawake walioringa mpaka wakachakaa. Shangazi hakusema hata moja. Nyuma ya Redio mlango wa ukumbi ulifunguka, ngoma na kelele za watu zikamwagika nje, zikaingia kwenye simu.

“Uko kwenye muziki,” alisema shangazi.

“Ndiyo.”

“Basi ni mwanamuziki.” Hapo aliugua kweli, kama mtu aliyesikia jina la ugonjwa. “Anapiga nini?”

“Besi.”

Redio alisikia kiti kikivutwa, shangazi akiketi.

“Afadhali,” alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, wa umri mdogo zaidi. “Waimbaji ndio waongo. Wapiga besi huwa wanakaa.”

Redio alifumbua kinywa amwulize amejuaje. Lakini shangazi alikuwa amekwisha kata simu, arudi sebuleni kuagana na mgeni.